Tusiulize Ni Nani: Imani na Maombi Katika Nchi ya Bariadi

(Hotuba ya mchungaji mgeni kutoka Bariadi, mkoani Simiyu, katika maadhimisho ya Jubilei ya miaka 100 ya Usharika)





Barua ya mwaliko iliniomba nizungumze juu ya maisha ya Mkristo katika imani, maombi na kumtegemea Mungu. Nilipoisoma niliona kichwa hicho ni kipana kama Ziwa lenyewe, na mimi si mvuvi wa kilindini. Nimeamua kutupa wavu karibu na ufuko ninaoufahamu. Mimi ni Msukuma wa Bariadi. Nilibatizwa huko, nikasoma theolojia Makumira, kisha nikarudishwa huko kutumika. Ninayoyasema leo nimeyaona huko, na sehemu yake nimeitenda mwenyewe.

Kwanza nilipe deni. Wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910, lakini ninyi mnajua vizuri kuliko mimi kwamba walikuta tayari Wahaya waliokwisha kulisikia Neno kutoka Uganda, wakilisoma kwa siri. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari Wajerumani, walimu wenyeji ndio waliobaki wakisomesha na kuomba katika nyumba za nyasi. Upande wetu, Injili ilitangulia kufika Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, mahali ambapo leo ni wilaya ya Busega. Kituo hicho kilianzishwa na ndugu wa Church Missionary Society, nao wakakikabidhi kwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Kwa hiyo Kanisa la Africa Inland lina watoto wengi kwetu, nasi tunawaheshimu kama kaka aliyetangulia kuzaliwa. Walutheri tulikuja baadaye, na wengi wa waliotuletea jina hilo walikuwa wageni: karani, muuguzi, mwalimu, fundi cherehani, mfanyabiashara, kutoka huku Buhaya na kutoka Kilimanjaro. Hawakutumwa na chama chochote cha misioni. Walihamishwa kikazi, au walifuata riziki, wakakosa mahali pa kusali kwa desturi waliyoizoea, wakaanza kukutana sebuleni. Baada ya makanisa saba kuungana kuwa KKKT tarehe 19 Juni 1963, wale wageni na sisi wenyeji tulijikuta tu nyumba moja. Ndiyo maana nikiwa hapa sijioni mgeni sana. Nimekuja kwa bibi.

Sasa niwaeleze nchi yenyewe. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, na makao yake makuu yako Bariadi. Una wilaya tano: Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Ninyi mna migomba na mvua inayowatembelea karibu mwaka mzima. Sisi tuna mbuga, udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi hata mguu wa mtoto ukaingia, na mvua zikinyesha unanasa gurudumu la trekta. Mkulima wa pamba hupanda kuanzia Novemba na Desemba akitazama juu. Mvua ikikatika Januari, anayapoteza mahindi ya chakula na pamba ya ada za shule kwa mara moja.

Kwetu, basi, maombi ya mvua si mapambo ya liturgia. Nimeongoza maombi hayo mara nyingi. Mwaka mmoja tulifunga na kuomba, tukatoka kanisani chini ya jua lile lile, na wiki hiyo hiyo mvua ikanyesha ng'ambo ya mto, katika mashamba ya watu ambao sijapata kuwaona wakisali mahali popote. Mzee mmoja aliniambia, "Baba Mchungaji, anwani uliyoiandika haikuwa sahihi." Tulicheka, kwa sababu Bwana mwenyewe alikwisha kufundisha katika Mathayo sura ya tano kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Lakini si wote waliocheka. Wengine walirudi nyumbani na swali moja, na kwa ajili ya swali hilo nimesafiri hadi hapa. Waliuliza: Ni nani amefunga mvua?

Wapendwa, swali la "nani" ndilo mpinzani mkubwa wa imani katika nchi yetu. Watu wa kwetu si wakanamungu. Sijapata kukutana na Msukuma anayesema Mungu hayuko. Tatizo letu ni kwamba tunamwamini Mungu kwa mambo makubwa ya mbali, na kwa mambo ya karibu, yaani homa ya mtoto, ng'ombe aliyekufa, duka lililofilisika, tunatafuta mtu. Ng'ombe hafi hivi hivi. Lazima yuko aliyesababisha. Na kwa kuwa mchungaji hana jibu la "nani", anatafutwa mwenye nalo. Mganga huchinja kuku, hutazama matumbo yake, na kutoa jibu. Mara nyingi hatamki jina. Husema tu: ni mwanamke, ni mtu mzima, anakaa upande wa mawio, macho yake ni mekundu. Jina litakamilishwa na aliyeuliza, kwa sababu tayari alikuwa nalo moyoni.

Hayo sikuyasoma kitabuni. Na kwa kuwa nimesimama katika nchi ambayo Uamsho uliwafundisha watu kuungama mbele ya ndugu, nitaungama.

Ilikuwa katika miaka yangu ya kwanza ya utumishi, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bariadi, wakati huo ikiwa bado Shinyanga. Mzee wa kanisa mmoja, mtu mwaminifu, mtunza hazina wetu, alifiwa na mtoto wa kiume wa miaka minne kwa degedege. Tulimzika kwa ibada njema. Jioni ya siku ya tatu akaniuliza, "Mchungaji, daktari amesema ni malaria. Nami nakubali. Lakini mbu wametuuma sote nyumbani mle, watoto saba. Kwa nini amekufa huyu?" Nami, kijana niliyetoka chuoni na vitabu vyangu, nilimpa jibu lililonyooka juu ya mapenzi ya Mungu yasiyochunguzika. Halikuwa jibu la uongo. Ila nililitoa haraka, nikiwa nimesimama, kwa sababu nilikuwa na kikao cha darasa la Kipaimara. Marafiki wa Ayubu, pamoja na makosa yao yote, walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Mimi sikukaa hata saa moja.

Alikwenda kwa mganga usiku. Nilikuja kulijua hilo baadaye, kama mchungaji anavyojua mambo, kila mtu akiwa ameshayajua. Jibu aliloletewa lilimwangukia mama mjane, jirani yake, mshirika wetu, ambaye kila Jumamosi alifagia kanisa na kupiga maji sakafu ya udongo ili vumbi lisitutese Jumapili. Minong'ono ikaanza kisimani. Watoto wakakatazwa kupita uani kwake. Katika mnada wa sadaka siku ya Bwana, mayai aliyoyaleta hayakupata mnunuzi, nami nikayanunua mwenyewe nikidhani nimefanya jambo kubwa.

Jioni moja, giza likianza kuingia, akaja nyumbani kwangu. Hakuketi. Akaniuliza, "Baba Mchungaji, na wewe unanionaje?" Nikamwambia, "Mayu, hayo ni maneno ya watu. Tuombe." Tukaomba. Niliomba kwa bidii, nikazitaja Zaburi, nikamkabidhi katika ulinzi wa malaika. Kisha nikamfungulia mlango naye akaenda peke yake gizani, mwendo wa nusu saa, nami nikaketi kula.

Majuma mawili baadaye nyumba yake ilichomwa moto usiku. Mungu alimwokoa, alitokea dirishani akiwa na kanga moja. Kulipokucha alikuwa amekwisha kuondoka kijijini kwenda kwa binti yake, wilaya nyingine. Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya amri ya tano na amri ya nane kwa sauti kubwa sana. Mtunza hazina alikuwa ameketi mahali pake. Hatukupata kulizungumza jambo hilo, mimi naye, mpaka alipofariki miaka mingi baadaye, nami ndiye niliyemzika.

Nimejiuliza mara nyingi kosa langu lilikuwa wapi. Sikwenda kwa mganga, na mafundisho yangu hayakuwa potofu. Niliomba. Lakini katika Injili ya Yohana sura ya tisa wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na mara moja wanauliza swali letu lile lile la Usukuma: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana anakataa swali lenyewe, kisha anainama chini. Anatema mate, anafanya tope, anamgusa mtu yule. Makumira tulisoma sura hiyo kwa Kiyunani, tukajadili tope lile linamaanisha nini. Kijijini nilielewa kwamba wanafunzi walitaka mkosaji, Bwana akamtaka mgonjwa. Mimi nilikataa swali la "nani" kama Bwana, ila nikaishia hapo. Sikuinama.

Ndugu zangu, yako mambo ambayo akili ya kawaida, ambayo nayo ni kipawa cha Mungu, ingetusaidia kuyaona. Macho mekundu ya bibi wa Kisukuma yana historia. Nchi yetu iliishiwa miti. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwahimiza watu kufyeka vichaka ili kuwafukuza mbung'o, kisha sisi wenyewe tukaendelea kufyeka kwa ajili ya pamba na malisho. Kuni zikawa mbali. Mwanamke akabaki na mabua ya pamba na samadi kavu ya ng'ombe, akipika miaka hamsini katika jiko lisilo na tundu la moshi. Atakosaje kuwa na macho mekundu? Amewapikia hao hao watakaokuja kumwita mchawi. Usharika mmoja wa kwetu umefundisha akina mama kujenga majiko ya udongo yenye bomba la kutoa moshi, na mzee mmoja akanilalamikia kwamba kanisa limeacha Injili na kufuata majiko. Nilimwambia jiko lile ni ufafanuzi wa amri ya nane, kwa maana katika Katekisimo Ndogo Luther hakuishia kutukataza kumsingizia jirani, alitutaka tumtetee.

Swali la "nani" lina ndugu yake, nalo ni swali la "nani atanitajirisha". Kuanzia mwaka 2007 tuliona katika Kanda ya Ziwa watu wenye ualbino wakiwindwa na kukatwa viungo, kwa sababu wako waliodanganywa kwamba kiungo cha mwanadamu huleta bahati katika madini, uvuvi na biashara. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi Bungeni akilizungumzia jambo hilo. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa mauaji ya mtoto mmoja, na Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Sheria ni njema. Lakini Luther anafundisha katika Katekisimo Kubwa kwamba kile moyo wako unachokiegemea ndicho mungu wako, na hakuna polisi anayeweza kukamata egemeo la moyo. Walionunua viungo vile walikuwa na fedha. Nina hofu kwamba baadhi yao walikuwa na vitambulisho vya ushirika wa kanisa fulani.

Naona baadhi yenu mnatikisa vichwa mkisema, poleni Wasukuma. Ahsanteni. Lakini mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walipogunduliwa katika mkoa huu wa Kagera, wazee wenu mnakumbuka ni swali gani lililoulizwa kwanza vijijini. Kabla ya ugonjwa kupata jina lake, vijana wa magendo waliokonda na kufa walisemwa kwamba wamerogwa na wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka waliodhulumiwa. Wakati "nani" likitafutwa, maradhi yalikuwa yakiingia nyumba ya pili. Nanyi mliponywa na swali hilo, pale mlipolipata nafuu, na akina mama waliochukua yatima nyumbani bila kuuliza baba yao alikosana na nani. Hilo tulilisikia hadi Bariadi, na lilitufundisha.

Wala tusidhani kwamba ukristo wenyewe hauwezi kugeuzwa ramli. Mwaka 2011, watu wa nchi nzima, na wa kwetu wakiwemo, walikwenda Samunge huko Loliondo kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kanisa letu, Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Sihukumu nia ya mzee yule, ambaye Mungu alimwita mwaka 2021. Nazungumzia foleni ile ya magari, na wale waliorudi wakaacha dawa zao za hospitali. Na Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Yakobo anatuagiza wazee wa kanisa waende kwa mgonjwa wakampake mafuta. Tazameni mwelekeo: wazee ndio wanaokwenda. Mgonjwa hakimbizwi kuyafuata mafuta.

Basi kumtegemea Mungu ni nini? Nitasema nilivyojifunza. Ni kukubali kukaa na jambo lisilo na jibu bila kumtafuta mtu wa kulibebesha. Ni kazi nzito, na mtu hawezi kuifanya peke yake usiku wa msiba. Ndiyo maana katika Sala ya Bwana hakuna "mimi" hata mahali pamoja. Yote imo katika wingi. Mfiwa anapoachwa peke yake, sala ya wingi inakatika, na mahali ilipokatikia ndipo mganga anapopita. Yakobo huyo huyo anasema ovyo kwa mtu anayemwambia ndugu aliye uchi aende zake kwa amani akaote moto, asimpe kitu. Nilikuwa mtu huyo, isipokuwa mimi nilimwambia hivyo kwa magoti.

Katika sharika ninazozisimamia sasa tumeweka utaratibu mdogo. Mtoto akifa, au mifugo ikifa mingi kwa mara moja, wazee wawili hulala katika nyumba hiyo siku saba za kwanza. Hawaendi kuhubiri. Wanakula michembe pamoja na wafiwa, wanasikiliza, na mfiwa akiuliza "nani" wanamwacha aulize mpaka achoke. Mara nyingine inashindikana. Mwaka juzi familia moja iliwasubiri wazee wasinzie, ikatuma mtu kwa mganga alfajiri. Tukaanza tena. Na pale jina la mtu linapoanza kunong'onwa, mchungaji na mke wake huenda kula chakula cha mchana nyumbani kwake, hadharani, uani, ili kila anayepita aone.

Utaratibu huo haukutoka kwangu. Miaka sita au saba baada ya moto ule nilikuwa Maswa katika mkutano wa jimbo, nikamwona yule mama amekaa na wanawake wa kwaya. Alikuwa amezeeka, macho yake yakiwa mekundu vile vile. Nilipiga magoti mbele yake kumwomba msamaha. Akanishika mkono akaniinua, kwa sababu hakupenda watu wamwone mchungaji amepigiwa magoti na aibu. Aliniuliza habari za sakafu ya kanisa, kama siku hizi tumeweka saruji. Nikamwambia tumeweka. Akafurahi.

Kisha akasema, "Siku ile uliomba vizuri, mwanangu. Nilikuwa natamani tu unisindikize."